Kompyuta Ndogo, Tangi la Samaki na Hoja Zinazovuja

Mmekwisha kuwasikia. Kutoka Geita hadi Kahama, kijana akifunga kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwenye tangi lake la samaki ili isimamie joto, taa na hewa, hakosekani mkubwa wa kumwambia huo ni mchezo wa Wazungu. Kaeni kwenye kiti cha hakimu. Hoja zao nimezisikiliza hadi mwisho, na zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Wanayoipenda zaidi ni ya umeme. Wanasema umeme wa huku hukatika. Ukikatika kompyuta huzimika, kadi yake ya memori huweza kuharibika, na ikiwaka tena haijui ni saa ngapi, taa za tangi zikawaka usiku wa manane. Ni kweli, kwa aliyeichomeka ukutani akaenda kulala. Lakini kinachoua samaki ni pampu ya hewa kusimama, nayo husimama hata kwenye nyumba isiyo na kompyuta. Kompyuta hiyo hula wati nne hivi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Tumia nusu tu ili isife mapema, ongeza pampu ndogo ya wati tatu, toa na upotevu: bado unabaki na saa tano hivi. Tatizo la saa linatibiwa na kipande cha DS3231 chenye betri yake ya kidonge, na kadi huwekwa katika hali ya kusoma tu. Sasa sikilizeni mbadala wao: swichi ya saa ya kuchomeka ukutani, ile ya kuzungusha kwa kidole. Umeme ukikosekana kwa saa tatu, nayo husimama saa tatu, kisha huendelea ikiwa imechelewa saa hizo hizo, kimya kimya. Kosa waliloishtakia kompyuta ndilo wanalotuuzia kama dawa.

Pili, eti hii ni nchi ya joto na Ziwa Victoria halina hita. Halina, lakini lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Tangi la lita 100 halibishani na hewa ya chumba. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Sato hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 hivi.

Kisha bei. Vifaa ni ghali, wanasema, afadhali kununua mtambo uliotengenezwa tayari. Pi ya kwanza, Februari 2012, iliuzwa dola 35. Neptune Apex, mtambo wa kiwandani unaosifiwa sana, huuzwa kwa mamia ya dola, umebuniwa hasa kwa matangi ya maji ya chumvi, na soketi za toleo la Marekani ni za volti 120 wakati zetu ni 230. Ghali ni kipi?

Kwamba mafundi hawapo, waambieni wanaofunga kontakta za pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu.

Hoja ya zebaki inastahili heshima, kwa kuwa wachimbaji wadogo wa ukanda huu huitumia kukamata dhahabu, nayo huweza kufika kwenye maji ya tangi. Sensa ya joto haiioni, wanasema, hivyo mwenye tangi anajidanganya. Haiioni, wala ya pH haiioni. Zebaki hupimwa maabara. Ila nani aliahidi vinginevyo? Kipimajoto cha zahanati hakioni minyoo na hakuna aliyekitupa. Jicho na kidole, wanavyovipendekeza wao, navyo haviioni.

Hoja nzito kuliko zote hawakuitoa, basi niwasaidie: rilei, yaani swichi ambayo kompyuta huwashia na kuzimia hita, huweza kuganda ikiwa imewasha, hita ikachemsha tangi huku programu ikidhani imezima. Jibu lake halitegemei programu. Tumia hita yenye themostati yake yenyewe, uiweke nyuzi 29, kompyuta uiamuru izime kwenye 27. Rilei ikiganda, themostati inakata.