Giaboksi ikivuka bahari, onyo hubaki Canada

Hapa Crescent Town, mashariki mwa jiji la Toronto, maghorofa yetu yapo jirani kabisa na stesheni ya treni ya Victoria Park, kwa hiyo asiye na gari hateseki sana. Lakini kwa ndugu zetu wanaoendesha teksi, gari ndilo shamba. Giaboksi ikifa, mpya ni ghali mno, na wengi huishia yadi ya magari mabovu kuchomolewa ya mtumba. Wapo pia wanaozikusanya na kuzipakia katika kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Hatuwalaumu. Watoto wangapi nyumbani wamesomeshwa na kontena?

Swali letu ni hili: spea hiyo ikigundulika kuwa mbovu tangu kiwandani, nani atamwambia aliyeinunua?

Sheria ya Canada inamtaka mtengenezaji wa gari lenye kasoro ya hatari amjulishe mwenye gari, na tangu mwaka 2018 waziri anaweza hata kumwamuru alitengeneze bure. Taarifa hiyo inafuata namba ya chasisi, jina na anwani. Giaboksi iliyochomolewa haina tena kimojawapo. Spea zinazotengenezwa na makampuni mengine mbali na kiwanda cha gari ndizo yatima zaidi: Marekani inawabana na watengenezaji wake, lakini sheria ya hapa imeelemea magari yenyewe, matairi na viti vya watoto.

Tuchukue mfano. Juni 2022 kampuni ya Ford iliita magari yapatayo milioni 2.9 nchini Marekani kwa sababu ya bushi, kijidude kinachoshika kebo ya gia. Bushi ikioza, kebo hutoka. Dereva anaweka gia ya kuegesha, taa kwenye dashibodi inamwambia sawa, kumbe giaboksi haijasikia, na kama hakuvuta breki ya mkono gari linaondoka lenyewe. Kampuni ilieleza kuwa joto na unyevunyevu huchangia kuozesha bushi hizo. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa maana yake.

Na si Ford tu. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika Juni 2017, ilikuwa na vilipuzi vinavyoharibika kwa joto na unyevu hadi kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Dunia nzima viliitwa takriban milioni 100, navyo vilikuwa ndani ya Toyota, Honda na Nissan, magari yaleyale yanayojaza barabara zetu. Malaysia, yenye hali ya hewa kama ya pwani yetu, imezika madereva kadhaa. Kasoro inayolala kwenye baridi ya Toronto inaweza kuamka Kisauni.

Nyumbani tunakagua nini? Kenya inakataa gari lililopita miaka 8, nayo Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Umri ni rahisi kuhesabu. Lakini gari la miaka 6 lililoitwa na kiwanda na halijarekebishwa ni hatari kuliko la miaka 12 lililorekebishwa, na kwa maoni yetu hapo ndipo wakubwa wetu wanapokagua kalenda badala ya gari.

Anayepakia kontena hapa anaweza kuulizia namba ya chasisi kwa mtengenezaji kabla gari halijakatwa spea. Ni bure, na ni kazi ya dakika chache. Kwa mwagizaji wa Dar es Salaam aliyenunua gari Japani ni vigumu zaidi, maana viwanda vya huko vina kurasa za kuulizia namba hizo, ila kwa Kijapani. KEBS ya Kenya na TBS ya Tanzania hazishindwi kumwajiri mtu anayejua kusoma Kijapani, na kulitaka jibu hilo liambatane na karatasi za gari kabla halijatoka bandarini.