Kesi Imeondolewa, Doa Limebaki

Mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa ni maneno yanayoishia kwa -wa. Hao ni watu waliotendewa: wameshukiwa, wametuhumiwa, wameshtakiwa. Mhalifu ni mwingine kabisa, maana yeye ndiye aliyetenda. Mwanafunzi wa shule ya msingi huijua tofauti hiyo. Mafaili ya polisi, aghalabu, hayaijui.

Niliwahi kumfundisha kijana mmoja aliyenaswa katika msako wa usiku, akashtakiwa kwa kuvuruga amani. Mashahidi hawakufika, na kesi ikaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Lakini alama za vidole vyake zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Miaka miwili baadaye, alipoomba cheti cha maadili mema ili aanze kazi, shtaka lile lilikuwa likimngoja. Alipomaliza kuhangaika akitafuta nakala ya uamuzi wa korti, nafasi ilikuwa imepewa mwingine.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(a), yasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira nayo ilirekebishwa, waajiri wakazuiwa kudai vyeti kabla ya kuazimia kumwajiri mtu. Ni hatua njema, ila imeahirisha fedheha tu: sasa mtu huumbuliwa akiwa amekwisha kuwaambia wazazi wake kwamba amepata kazi.

Na mchuuzi aliyetozwa faini kwa kuuza nyanya bila leseni? Sheria zetu za jinai tulizirithi kwa Mwingereza. Yeye mwenyewe, tangu 1974, ana sheria inayoyahesabu makosa mengi kuwa yamekwisha baada ya muda maalumu. Hiyo hatukuiiga. Pennsylvania, Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2018 ili kompyuta ifunge rekodi za makosa madogo pasipo mtu kuomba.

Naam, mwajiri wa yaya ana haki ya kujua kama aliwahi kumdhuru mtoto, na mwizi wa mali ya umma asisitiriwe. Sizungumzii hao. Bunge na liamuru kwamba kesi ikiondolewa, au mtu akiachiliwa, karani wa korti awaarifu polisi na jina lifutwe, bila mwananchi kupanga foleni. Makosa madogo yasiyo na vurugu yawekewe kikomo cha miaka, tuseme mitatu.

Kijana yule hutembea na nakala ya uamuzi mkobani hadi leo. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo.