Nafasi Kati ya Boriti na Boriti

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na yale majabali yanayouzunguka mji wa Singida yakingali yanang'aa kwa maji, nilisimama karibu na soko la vitunguu la Misuna kuwatazama vijana wakishusha pikipiki 20 na guta 1 kutoka katika lori lililotoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 700 hivi. Pikipiki zilishuka salama, isipokuwa 2 ambazo vioo vyake vilikuwa vimevunjika. Guta ndilo lililokataa kushuka, kwa kuwa gurudumu lake moja la nyuma lilikuwa limetoboa sakafu ya bodi na kuzama hadi kwenye ekseli, likining'inia hewani juu ya tairi la lori lenyewe. Na mtu akichutama kutazama chini, angeliona ubao uliovunjika ukichomoza kama mfupa.

Utingo alisema kwamba mbao zimechoka. Dereva alisema kuwa ni ajali kazini, na ajali haina kinga. Mwenye lori, aliyefikiwa kwa simu, alisema kwamba stakabadhi imeandikwa wazi kuwa mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Na wale vijana 3 waliolinunua guta lile kwa fedha za kuchangishana, wakitumaini kulipeleka Mkalama kubebea alizeti msimu utakapofika, hawakusema neno. Waliizunguka ile ekseli iliyopinda kama watu wanaozunguka mgonjwa.

Mimi si mhandisi, walakini nilikulia katika nyumba ya tembe, na kwa sababu hiyo sikuweza kukubali kwamba jambo lile lilikuwa kudura. Niliingia chini ya lori, nikapima kwa mkono wangu nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja cha kukingama na cha pili, vile vyuma vinavyolazwa juu ya chasi ili vibebe mbao, nikakuta ni shibiri 4 kamili, yaani kama sentimita 90. Hapo nikaelewa kwamba sakafu ile haikuvunjika siku ile. Ilivunjika siku ilipojengwa, na tangu hapo ilikuwa ikingoja mzigo wa kuidhihirisha.

Wazee wetu wa Kinyaturu na wa Kinyiramba, na majirani zetu Wagogo wa upande wa Manyoni, walijenga nyumba zenye paa la bapa lililosakafiwa kwa udongo, paa ambalo mtu aliweza kupanda juu yake na kuanika mtama, na kabla hawajaweka udongo wakapanga miti kwa ukaribu ambao mgeni angeliudhania kuwa ni ubadhirifu. Haukuwa ubadhirifu. Walijua, bila ya kuandika popote, kwamba kinachobeba paa si unene wa mti peke yake, bali ni ufupi wa safari ambayo mzigo unapaswa kusafiri kabla haujafika kwenye mhimili. Watu wa pwani nao walilijua jambo hili, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamriwa na boriti ya mkoko, na hata tajiri mwenye majahazi hakuweza kuupanua zaidi ya pale ambapo boriti ingeweza kuustahimili uzito wa dari ya mawe na chokaa. Tajiri alikubali kuishi katika chumba chembamba. Fundi wa bodi wa zama zetu hakubali kuongeza chuma kimoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Uzito ukikaa katikati ya ubao, kisha ukaipunguza kwa nusu ile nafasi iliyo kati ya mhimili na mhimili, ubao ule ule utabeba mara 2 ya uliokuwa ukibeba kabla haujavunjika, na chini ya uzito ule ule utapinda kwa thumuni tu ya ulivyokuwa ukipinda. Na ukiuacha umbali ule ule lakini ukaweka ubao wenye unene mara 2, nguvu yake haiongezeki mara 2 bali mara 4. Kwa hiyo fundi anayeweka chuma kila baada ya shibiri 2, akatumia ubao wa kawaida, amempa mteja wake kitu ambacho fundi wa shibiri 4 hawezi kukifikia ila kwa mbao nene na ghali. Na chuma cha kukingama, tena hiki cha bomba la pembe nne linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, si kitu cha kumfilisi mtu.

Lakini watu wetu, wanunuapo tela au bodi, huuliza swali moja tu: linabeba tani ngapi? Swali hili lina maana kwa mwenye vitunguu na kwa mwenye alizeti, kwa sababu magunia hulala, na yakilala hujigawa juu ya sakafu nzima kama maji yanavyojigawa katika sinia. Pikipiki hailali. Husimama juu ya pande 2 za mpira zisizozidi kiganja cha mtu, au, vibaya zaidi, husimamishwa juu ya stendi yake, na ncha ya stendi ya pembeni ni kipande cha chuma ambacho mtu anaweza kukifunika kwa kidole gumba na cha shahada. Pikipiki hizi za bodaboda zina uzito wa kilo 100 na ushei, jambo ambalo tani za lori hulidharau. Ubao hauwezi kulidharau, kwa sababu ubao haujui habari za tani, wenyewe unajua tu kile kilichosimama juu yake mahali pale.

Tuliangalie basi guta letu la Misuna. Guta tupu hupindukia mara 2 ya uzito wa pikipiki, na lile halikuwa tupu: utingo, asiyependa nafasi ipotee bure, alikuwa amepakia katika karai lake mifuko 8 ya sukari ya kilo 50. Tukisema guta ni kilo 300 na sukari kilo 400, na zaidi ya nusu ya jumla hiyo ikae nyuma, kila gurudumu la nyuma lilikuwa limebeba kilo 200 na kitu, tena katikati ya ubao wa shibiri 4. Sasa lipitishe juu ya matuta yote yaliyopo kati ya Chalinze na Ikungi. Lori linaporuka tuta na kutua, mzigo hautui kwa uzito wake wa asili, bali kwa uzito uliozidishwa na mwanguko, na ni muujiza mdogo kwamba ubao ule ulifika hata Dodoma.

Kuna tena jambo ambalo vijana wanaofunga mizigo hulifanya kwa nia njema kabisa. Ili pikipiki isiyumbe, huifunga kwa kamba za pande 4 na kuzivuta mpaka shokapu zote ziwe zimekaa chini, na wanapoona zimekaa husema: imeshika. Naam, imeshika, walakini kila kamba inayoivuta pikipiki kuelekea chini inaukandamiza ubao ulio chini ya magurudumu, na kamba 4 zikivutwa kila moja kwa nguvu ya kilo 50, sehemu kubwa ya kilo 200 hizo huongezeka juu ya ubao ambao mwenye gari alidhani umebeba pikipiki tu. Tiba yake haina gharama: tandika ubao mpana chini ya magurudumu, ulio mrefu kiasi cha kulala juu ya vyuma 3 vya kukingama, na stendi ikunjwe. Nimemwona dereva mmoja wa makamo akifanya hivi kila safari, na wenziwe wakimcheka kwamba anabeba mbao za kujengea nyumba.

Kuhusu mbao zenyewe, Singida si nchi ya kuzionea huruma. Mbao za msindano zinazotoka nyanda za juu za Iringa, kutoka msitu wa Sao Hill na mashamba yaliyoko jirani, mara nyingi hufika hapa zikiwa hazijakauka sawasawa. Kisha upepo wetu mkavu, huu unaovuma tangu Juni mpaka mawingu ya Novemba, huzikausha zikiwa zimekwisha kupigiliwa, zikasinyaa, misumari ikalegea, na nyufa zikatokea kati ya ubao na ubao. Mninga na mkongo ni bora kwa mbali, lakini bei yake imewapanda vichwani wenye magari, na nani leo ataweka mninga chini ya tairi la bodaboda? Fauka ya hayo, lori linalobeba pikipiki Jumatatu ndilo lililobeba ng'ombe Jumamosi. Mkojo wa mifugo hupenya kwenye zile nyufa, ukakaa mahali ambapo ubao umekutana na chuma, ukala misumari na boliti kwa kutu na kuozesha mbao kutoka chini, mahali ambapo jicho la mwenye mali halifiki mpaka siku ya msiba.

Na ubao ukishaoza, dawa inayopendwa katika gereji zetu ni kuufunika kwa bati nene la vinundu, hili wanaloliita chekapleti. Bati hili ni zuri likiwa limechomelewa juu ya vyuma vilivyokaribiana. Likitandazwa juu ya ubao uliooza, huwa ni kanzu mpya juu ya maiti: huzuia hewa, hushikilia unyevu, na kumnyima mnunuzi wa gari kuukuu fursa ya kuuona uozo anaoulipia. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu nami niliwahi kununua tela la namna hiyo.

Atasema msomaji kwamba serikali ina mizani. Ni kweli, na mizani hiyo ina kazi yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwezi Machi mwaka 2019, imeweka mpaka wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na dereva anayekatiza mkoa wetu hukutana na watumishi wa TANROADS mizanini, akapimwa ekseli baada ya ekseli. Lakini mizani hiyo hupima kwa ajili ya lami. Inaiuliza ekseli inaikandamiza barabara kwa kiasi gani. Haiulizi, wala haikuumbwa kuuliza, ubao uliopo kati ya mzigo na ekseli una hali gani. Lori lile la Misuna lilikuwa jepesi kwa kila kipimo cha sheria, likapita kila mahali kwa heshima, huku gurudumu la guta likiwa tayari limeanza kuzama. Kadhalika ukaguzi wa magari unaofanywa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani huangalia breki, taa na matairi, kama ipasavyo. Sijapata kumwona mkaguzi akiingia chini ya bodi na nyundo.

Na tusidhani kwamba hili ni aibu ya nchi maskini. Huko Marekani wako watu wanaonunua matela ya anasa, nusu yake nyumba ya kulala na nusu yake ghala la pikipiki, ambayo mlango wa nyuma hulala chini ukawa daraja la kupandishia; na pikipiki kubwa za safari za huko, mathalan za Harley-Davidson, hupindukia kilo 350 moja. Sakafu za mengi ya matela hayo ni plaiwudi iliyolazwa juu ya vyuma, na malalamiko ya wenyewe ni haya haya yetu: sakafu inabonyea chini ya gurudumu, maji yameingia kwenye plaiwudi, vyuma viko mbalimbali. Tofauti ni kwamba Mmarekani yule anapoteza starehe yake ya mwisho wa juma. Kijana wa Singida aliyechukua pikipiki kwa mkataba, anayempelekea tajiri hesabu kila jioni mpaka chombo kiwe chake, hupoteza siku zake za kazi tangu kabla hajaianza, na tajiri haahirishi hesabu kwa sababu ya ubao.

Kwa insafu, mafundi wasibebeshwe lawama yote. Mteja huja na fedha za vyuma 6 akataka bodi la vyuma 12, na fundi akikataa, yuko mwingine barabara ya pili atakayekubali. Ndiyo maana sioni faida ya kuwahubiria mafundi uaminifu. Ninaloliona lafaa ni kwamba kila bodi na kila tela linalotoka mkononi mwa fundi lipigwe kibati chenye maandishi mawili: umbali kati ya vyuma vyake vya kukingama, na uzito ambao gurudumu moja linaruhusiwa kuweka mahali pamoja. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, lina ofisi hapa mkoani. VETA inafundisha vijana wetu kuchomelea. Na Shirika la Viwango lipo. Kazi ya kuandika jedwali la ukurasa mmoja, lenye aina za mbao, unene na nafasi, ikabandikwa katika kila karakana kutoka Manyoni hadi Kiomboi, haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Na yale maneno ya stakabadhi, kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe, yasiwe na nguvu pale ambapo kilichoharibu mzigo ni sakafu ya msafirishaji. Kwani mwenye guta hakupewa nafasi ya kuitazama sakafu hiyo, wala asingeruhusiwa.

Wakati jedwali hilo linangojewa, nakusihi wewe mwenye lori, Kenta au tela la kukokota, usiingoje Novemba. Siku moja ya jua, gari likiwa tupu na limezuiwa vizuri kwa mawe, ingia chini yake na bisibisi na tochi. Choma ubao pale unapokutana na chuma, hasa karibu na boliti. Ikiingia kama kwenye kiazi, ng'oa ubao huo. Kisha pima kwa shibiri, na ukikuta 4, mwite fundi.

Lile guta la Misuna lilitolewa jioni kwa jeki 2 na minyororo. Sukari iliuzwa siku ile ile. Ekseli ilinyooshwa kwa fedha za wale vijana wenyewe, na lori lilirudi Dar es Salaam na magunia ya vitunguu, tundu likiwa limezibwa kwa kipande cha mlango wa zamani.