Kijana, mshipi wa kubana tumbo hautaponya mgongo wako

ZAMANI kitambi kilikuwa cha mzee mwenye duka. Siku hizi kijana wa miaka 25, anayelipa kodi ya bedsita kwa shida, anacho. Na mara nyingi kitambi hicho huja na mgongo unaouma.

Mtaani tunakisifu. "Pesa imeingia," tunamwambia jamaa aliyenenepa. Lakini tumbo si akaunti ya benki. Ni mzigo, na anayeubeba ni mgongo.

Mambo ni hivi: uzani ukijaa mbele, nyonga huvutwa mbele na kiuno kupinda zaidi. Misuli ya mgongo hulazimika kukaza muda wote ili usimame wima. Ongeza saa nane za kukaa ofisini, kwa usukani au juu ya boda. Misuli ya tumbo inalegea, jioni unashuka matatu ukishika kiuno kama mzee wa miaka 80.

Si wewe peke yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020.

Penye maumivu, wafanyabiashara hawakosi. Mitandaoni tunauziwa mishipi ya kubana tumbo na chai za "kuyeyusha mafuta". Mshipi unabana tu. Ukiuvua, tumbo liko palepale. Chai nyingi za aina hiyo zinakuendesha choo, unapoteza maji wala si mafuta. Nazo tembe za maumivu kama diclofenac, ukizimeza kiholela kwa muda mrefu, zinaweza kuumiza tumbo na figo.

Hata mazoezi ya tumbo pekee hayachomi mafuta ya tumbo. Mwili haupungui mahali unapochagua wewe.

Kinachosaidia hakina matangazo. Anza na kinywaji: soda nyingi za nusu lita zina takriban gramu 50 za sukari, kiwango ambacho WHO inashauri mtu mzima asikipite kwa siku nzima. Bado hujaweka chai ya vijiko vitatu. Kunywa maji. Chipsi ziwe za siku moja moja, si chakula cha kila jioni. Githeri, ndengu na sukumawiki hushibisha kwa bei nafuu. Ugali upungue, mboga iongezeke. Pombe nayo ina kalori nyingi, usijidanganye.

Pili, tembea. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, zinatosha kuanza. Shuka steji moja kabla ya yako. Kazini, simama kila baada ya nusu saa. Mara mbili kwa wiki, fanya mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo, mgongo na mapaja. Sakafu ya bedsita inatosha. Na mgongo ukiuma, usilale kitandani wiki nzima. Kujisogeza polepole husaidia kuliko kulala.

Usisubiri mizani. Chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiunoni. Mwanamume akipita sentimita 94, au mwanamke 80, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda.

Lakini kuna maumivu yasiyo ya kungoja. Ukihisi ganzi sehemu za siri, mguu ukiishiwa nguvu, ukishindwa kuzuia mkojo, au maumivu yakija na homa au baada ya ajali, nenda hospitali mara moja.

Hata hivyo, lawama zote zisiangukie kijana. Atatembea wapi, ikiwa njia ya miguu imegeuzwa ya boda na kibanda? Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka 2015, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Ahadi hiyo tuidai, pamoja na viwanja vya kuchezea mitaani. Waajiri nao waache kumwona anayesimama kujinyoosha kama mvivu.

Mabadiliko haya hayaonekani kwa wiki moja, ndiyo maana hayauziki. Wiki hii jaribu mawili tu: acha soda, shuka steji moja kabla. Nauli ya mshipi baki nayo.