Neno la Mhariri: Mkojo wa Kabla ya Wiki ya 20

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kuwapiga vita wadudu waletao magonjwa, huishambulia ngozi, maungo, damu na aghalabu figo za mwenye mwili. Na katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri ule ule wa kushika himila na kuzaa. Ndiyo sababu toleo hili tumelielekeza kwa mama mjamzito na mkunga wake.

Mtazame mwanamke wa bonde la Ngenge, ashindaye juani katika majaruba ya mpunga, ilhali jua lenyewe huyachochea maradhi haya, akifika zahanati na homa, uchovu, maumivu ya viungo na upungufu wa damu: ni nani asiyetamka malaria, katika wilaya hii ya Muleba ambayo milipuko yake ya malaria imeandikwa hata ng'ambo? Simlaumu mganga, kwani malaria ipo na huua. Lakini homa inayorudi baada ya dawa, na vipimo vikisema hakuna vimelea, yataka fikira nyingine. Fauka ya hayo, upele wa mashavuni, ambao vitabu vya Ulaya huuchora mwekundu, juu ya ngozi yetu huonekana mara nyingi kama weusi tu, nao watu husema ni jua.

Hatari kubwa huja mimba ikisonga mbele. Presha ikipanda, miguu ikivimba, na protini ikaonekana katika mkojo, kila mkunga hukumbuka kifafa cha mimba, na ni haki yake. Lakini lupasi inayoharibu figo huleta alama zizo hizo, na tiba zake hazifanani, kwa kuwa dawa ya kifafa cha mimba ni kuzalisha, nayo lupasi ya figo yaweza kutulizwa kwa dawa mtoto akaachiwa wiki zake za kukua. Tutazipambanuaje? Kifafa cha mimba aghalabu hakianzi kabla ya wiki ya 20. Kwa hiyo protini iliyoonekana kabla ya hapo ni shahidi wa kwamba figo zilikwisha kuugua, na mkojo uliokuwa safi mwanzoni nao ni shahidi wa kwamba wakati ule figo zilikuwa nzima. Mama ajaye kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa sita wa mimba amekuja bila shahidi huyo, na hata daktari bingwa wa hospitali ya Bugando hawezi kumrudisha. Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo: mkojo na presha vipimwe mapema, tena viandikwe katika kadi, hata kama mama anajiona mzima.

Ama mtoto, huenda akazaliwa njiti au mwenye uzito mdogo, na mimba nyingine huharibika kwa sababu damu huganda katika kondo la nyuma. Jambo hili mitaani mwetu husemwa kuwa ni uchawi, na mwanamke akapoteza ndoa kwa ugonjwa unaotibika kwa aspirini ya kipimo kidogo pamoja na sindano za kuzuia damu kuganda. Wamo pia akina mama wenye kingamwili ziitwazo Ro na La, ambazo huvuka kondo na kumfikia mtoto. Kwa wengi hazidhuru. Kwa wachache huleta upele unaotoweka katika miezi michache. Na kwa watoto wapatao 2 katika 100 huharibu njia za umeme wa moyo, madhara yasiyorudi nyuma. Mkunga akisikia moyo wa mtoto ukipiga 60 kwa dakika mahali pa 110 hadi 160, na ukiendelea hivyo kwa utaratibu, na atoe rufaa kwenda hospitali ya Rubya au ya Bukoba.

Dawa iliyo nguzo ya tiba ya lupasi si ngeni kwetu. Mwaka 1951 tabibu Francis Page alieleza jinsi mepakrini, dawa ya malaria, ilivyowafaa wagonjwa wa lupasi, na leo itumikayo ni haidroksiklorokwini, nduguye klorokwini ile chungu tuliyoimeza sote hadi serikali ilipoiondoa katika tiba ya malaria mwaka 2001. Wako wanaoiacha mara wajuapo wana mimba, wakidhani wanamhifadhi mtoto, kumbe kuiacha ndiko kunakoyaamsha maradhi. Isiachwe. Zinazopasa kubadilishwa, tena kabla ya kushika mimba na kwa shauri la daktari, ni methotreksati na mikofenoleti, ambazo humdhuru mtoto tumboni. Na afadhali mimba ingojee mpaka maradhi yametulia kwa miezi sita.

Twaiomba halmashauri ihakikishe vijiti vya kupimia mkojo havikosekani katika zahanati hata moja, na vidonge vya haidroksiklorokwini vipatikane Bukoba, mgonjwa asilazimike kwenda Mwanza kwa dawa ya mwezi mmoja. Waume nao wawasindikize wake zao kliniki kabla ya mwezi wa tatu wa mimba kwisha.