Ruaha Mkuu na Walinzi Wake

Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika maji wakati wa kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo aghalabu viboko, mamba na samaki wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha husongamana katika vidimbwi vya matope, ilhali huko juu, katika bonde la Usangu, mifereji ya mpunga huyachukua maji kabla hayajafika kinamasi cha Ihefu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au ziwezazo kudhuru mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingoni mwa mto, na ile ya maji ya mwaka 2009 yaziruhusu jumuiya za watumia maji. Lakini ni nani awezaye kulilinda usiku banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, ila jirani wa mfereji ajuaye zamu ni ya nani?

Kwa insafu, mkulima si adui, kwani naye ana wana wa kulisha. Walakini jumuiya isiyo na fedha wala mamlaka haina budi kushindwa. Basi Halmashauri ya Mbarali, wilaya ya bonde hilo, na iziwezeshe jumuiya hizo, nao wakulima, mpunga ukishavunwa, tafadhali wayafunge mabanio, maji yarejee mtoni.