Kelele za Shibuya, ukimya wa Frieren: Msimu wa vuli 2023 uliacha nini kwa mashabiki wa anime?

Ijumaa ya Septemba 29, 2023, kituo cha Nippon TV cha Japan kilifanya jambo lisilo la kawaida. Kilichukua muda wake maarufu wa filamu za Ijumaa usiku, ule ambao familia nzima iko mbele ya televisheni, kikaipa anime mpya kabisa. Zikaonyeshwa epsodi 4 kwa mkupuo, saa 2 nzima.

Anime hiyo haikuanza na vita. Ilianza na watu wanaorudi nyumbani baada ya vita.

Hiyo ni Frieren: Beyond Journey's End. Wiki chache baadaye, kwenye msimu huohuo, mashabiki walikuwa wanapiga kelele mitandaoni kwa sababu nyingine kabisa: Jujutsu Kaisen ilikuwa inaibomoa Shibuya, na baadhi ya wachoraji wake walikuwa wanalalamika hadharani kwamba wamechoka.

Kazi hizo mbili ndizo zinazoufanya msimu wa vuli 2023 uendelee kuzungumzwa. Zote zilipendwa. Ila zilimwachia shabiki swali moja gumu: uhondo huu unalipiwa na nani?

Kwanza, msimu ni nini?

Kwa asiyefuatilia, anime za televisheni hutoka kwa misimu 4 kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu una wiki kama 12 au 13, epsodi moja kwa wiki. Kazi nyingine huisha ndani ya msimu mmoja, nyingine huunganisha misimu miwili bila kupumzika.

Oktoba hadi Desemba 2023 ilikuwa foleni ya majina makubwa. Spy x Family ilirudi na msimu wa pili Oktoba 7, kisha ikaingiza filamu kwenye majumba ya sinema ya Japan Desemba 22. Attack on Titan, iliyoanza Aprili 2013, ilifunga pazia mwanzoni mwa Novemba kwa epsodi moja ndefu ya zaidi ya saa moja. Walioanza kuitazama wakiwa shule ya msingi waliimaliza wakiwa watu wazima.

Netflix nayo ikaleta Pluto, epsodi 8 kwa siku moja, Oktoba 26. Undead Unluck na Shangri-La Frontier zikaingia kama sura mpya. Yaani bando lilikuwa na kazi.

Frieren: stori inaanza pale ilipopaswa kuisha

Stori nyingi za aina hii zinaeleweka. Kuna steringi, kuna rafiki zake, kuna mfalme wa mashetani. Wanasafiri, wanapigana, wanashinda, mwisho.

Frieren inaanza baada ya huo mwisho. Mfalme wa mashetani ameshauawa. Safari ya miaka 10 imekwisha. Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi zaidi ya miaka 1,000, hivyo kwake miaka 10 ni kama wikiendi. Anawaaga wenzake kirahisi tu, kama mtu anayetoka dukani.

Miaka 50 baadaye anarudi na kumkuta Himmel, shujaa wa kundi, amekuwa mzee mwenye upara. Muda mfupi baadaye Himmel anafariki. Kwenye mazishi ndipo Frieren anapolia, akijiuliza kwa nini hakujisumbua kumfahamu mtu aliyetembea naye miaka yote ile.

Hapo ndipo ilipowakamata watu. Hakuna bomu wala kisasi. Kuna mtu aliyechelewa kusema asante. Nani hana mtu wake wa namna hiyo?

Mwongozaji Keiichiro Saito, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametikisa na Bocchi the Rock!, aliipeleka kazi hii polepole kwa makusudi. Studio ya Madhouse ikatoa epsodi 28, hadi Machi 22, 2024, bila kukatisha katikati. Baada ya ile jioni ya ufunguzi, ilionyeshwa kila Ijumaa saa 5 usiku kwa saa za Japan, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa 11 jioni.

Kwenye tovuti ya MyAnimeList, ambako mashabiki duniani hupigia kazi alama, Frieren ilipanda hadi nafasi ya kwanza na kuishusha Fullmetal Alchemist: Brotherhood, iliyokuwa imekalia kiti hicho kwa muda mrefu. Kwa kazi isiyo na papara, si mchezo.

Maomao, mpelelezi asiye na bunduki

Nippon TV haikuishia hapo. Oktoba hiyohiyo ilileta The Apothecary Diaries, kutoka riwaya za Natsu Hyuga. Maomao ni binti mjuzi wa dawa na sumu. Anatekwa, anauzwa, anajikuta mtumishi kwenye kasri la ndani la mfalme, wanakoishi wake zake.

Kesi yake ya kwanza: watoto wa mfalme wanakufa, watu wananong'ona kuhusu laana. Maomao anaangalia mara moja na kujua. Si laana, ni poda nyeupe ya uso ambayo mama anajipaka. Ina sumu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hapo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na bado watu wanazitafuta. Maomao yuko kwenye kasri la kubuni la zamani, lakini tatizo lake liko dukani leo.

Kazi hii nayo ilikwenda epsodi 24 mfululizo, na ikarudi na msimu wa pili Januari 2025. Ilithibitisha kitu kilekile: mtazamaji anaweza kusubiri wiki nzima kwa ajili ya mazungumzo mazuri, si ngumi tu.

Shibuya: uhondo kwa shabiki, usingizi kwa mchoraji

Halafu kuna Jujutsu Kaisen.

Msimu wake wa pili ulianza Julai 6 na kuisha Desemba 28, 2023, epsodi 23. Kuanzia mwisho wa Agosti uliingia kwenye tukio la Shibuya: usiku wa Halloween, mtaa wenye watu wengi kuliko kawaida jijini Tokyo, na wahusika waliopendwa wakianguka mmoja baada ya mwingine.

Kwa macho ilikuwa karamu. Mwongozaji Shota Goshozono aliruhusu wachoraji waonyeshe mikono yao tofauti, kamera ikazunguka, majengo yakaporomoka. Epsodi ya 17, Sukuna dhidi ya Mahoraga, katikati ya Novemba, ilijaza vipande vya video mitandaoni.

Lakini wiki hizohizo, baadhi ya waliofanya kazi hiyo waliandika kwenye akaunti zao wenyewe kwamba ratiba ilikuwa imebana kupita kiasi na kwamba walichoona kwenye televisheni si walichokusudia. Habari zikasambaa, na studio ya MAPPA ikajikuta kwenye mjadala ambao haukuhusu tena nani ana nguvu kati ya Gojo na Sukuna.

Mashabiki wakagawanyika. Kuna waliosema hawataki kazi iliyotengenezwa kwa mateso. Kuna waliolalamika kwamba michoro imeshuka, na wakawatupia maneno wachoraji haohao. Hilo la pili ndilo lililouma zaidi. Mtu hajalala, halafu anaambiwa mvivu.

Na haikuwa MAPPA peke yake. Zom 100, iliyoanza Julai, iliahirishwa mara kadhaa. Epsodi zake 3 za mwisho zilikuja kuonekana mwishoni mwa Desemba. Kinachochekesha, kama kinachekesha, ni stori yenyewe: kijana anayefanyishwa kazi hadi kuchakaa anafurahi dunia inapovamiwa na maiti wanaotembea, kwa sababu kesho hatakwenda ofisini.

Mzee mmoja, studio tatu

Kuna uzi mmoja ambao wengi hawakuuona. Frieren ni ya Madhouse. Jujutsu Kaisen ni ya MAPPA. Pluto ni ya Studio M2. Zote tatu zina jina moja kwenye historia yake: Masao Maruyama.

Maruyama, aliyezaliwa 1941, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Madhouse mwaka 1972. Mwaka 2011 akaondoka na kuanzisha MAPPA. Mwaka 2016 akaanza upya tena na M2. Msimu wa vuli 2023 ulipofika alikuwa na miaka 82, na uongozi wa zile studio mbili za mwanzo ulikuwa umeshahamia kwa wengine.

Pluto, kazi ya M2, imetoka kwenye manga ya Naoki Urasawa, ambayo nayo imejengwa juu ya hadithi ya Osamu Tezuka, baba wa Astro Boy. Ilitoka yote kwa mpigo, bila presha ya tarehe ya kila wiki.

Kwa hiyo mizizi inaweza kuwa mmoja na matunda yakatofautiana. Tofauti kubwa iko kwenye muda: kazi inapewa muda gani kabla ya kuonyeshwa, na watu wangapi wanaibeba.

Ila tusiigeuze Madhouse kuwa malaika. Mwaka 2019 mfanyakazi wake alijitokeza kupitia chama cha wafanyakazi, akilalamikia saa nyingi kupita kiasi na malipo ya muda wa ziada. Frieren nzuri haifuti hilo, kama ambavyo Shibuya ngumu haifuti vipaji vya MAPPA. Tatizo ni la sekta nzima.

Pesa inakwenda wapi?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Kwa mujibu wa chama cha watengenezaji anime cha Japan, soko la anime mwaka 2023 lilivuka yeni trilioni 3.3, rekodi mpya. Zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya Japan.

Upande wa pili, chama cha NAFCA, kinachotetea wafanyakazi wa sekta hiyo, kilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2024. Wastani wa kazi ulikuwa saa 219 kwa mwezi. Kwa mtu anayefanya kazi siku 22, hiyo ni karibu saa 10 kila siku. Karibu asilimia 38 walipata chini ya yeni 200,000 kwa mwezi. Mwaka huohuo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa biashara na haki za binadamu waliitaja sekta ya anime katika ripoti yao kuhusu Japan, kwa saa ndefu na malipo madogo.

Inakuwaje soko linanona na mchoraji anakonda?

Jibu kubwa ni mfumo wa kamati. Anime nyingi hulipiwa na kundi la kampuni: mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, muuza vinyago. Wanachanga, wanagawana haki, kazi ikilipuka wanagawana faida. Studio mara nyingi hulipwa ada ya kutengeneza tu. Kazi ikivuma dunia nzima, ada inabaki ileile.

Chini ya studio kuna wachoraji wengi wasio na ajira ya kudumu, hasa chipukizi, wanaolipwa kwa kila mchoro. Epsodi moja ya dakika 20 na kitu inakula maelfu ya michoro. Muda ukibana, kazi hugawiwa kwa watu wengi zaidi kwa siku chache zaidi.

MAPPA yenyewe ilishajaribu njia nyingine. Mwaka 2022 iligharamia Chainsaw Man kwa fedha zake bila kamati, ili faida ikija ibaki nyumbani. Njia hiyo ina hatari yake: ukipata hasara, ni yako peke yako. Lakini inaonyesha kwamba hata studio zinajua mfuko unavuja wapi.

Kilichobaki baada ya vumbi kutulia

Ukiangalia nyuma, msimu ule ulivunja imani moja ya siku nyingi, kwamba anime lazima ipige kelele ili ionekane. Frieren na Maomao walipata watazamaji kwa kuongea taratibu. Kituo kikubwa kiliziamini, kikazipa misimu miwili mfululizo, na kikavuna.

Pia ulibadilisha namna shabiki anavyotazama. Kabla ya hapo, wengi walijua majina ya wahusika tu. Baada ya Novemba 2023, walianza kujua majina ya waongozaji, studio na hata wachoraji wa tukio moja. Shabiki anayejua nani alichora ni vigumu kumwambia kwamba mchoraji si muhimu.

Na kuna hili la kusubiri. Msimu wa pili wa Frieren ulipangiwa Januari 2026, karibu miaka 2 tangu ule wa kwanza uishe. Msimu wa tatu wa Jujutsu Kaisen nao ukapangiwa mwezi huohuo, miaka 2 baada ya Shibuya. Mashabiki walinung'unika kidogo, wakarudia epsodi za zamani, maisha yakaendelea. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Hilo ndilo somo ambalo kamati zinapaswa kulisoma. Mtazamaji ameshaonyesha kwamba ana subira. Wenye haraka ni walioshika kalenda, na anayeilipia haraka yao ni yule aliyekaa na kalamu saa 9 usiku.